Kilichodharauliwa Ndicho Adimu

Hotuba hii ilitolewa kwenye mkutano wa wakusanyaji wa katuni na majarida ya zamani. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, wakusanyaji wenzangu, na ninyi mliosindikizana na wake au waume zenu bila kujua mnaletwa wapi: asanteni sana kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie thamani ya katuni za zamani, ya majarida ya kutisha, na ya yale magazeti ya hadithi ambayo Wamarekani waliyaita palpu. Najua neno thamani likitajwa, wengi mnategea masikio kusikia bei. Basi nitaje moja, tumalizane nayo. Toleo la kwanza la Action Comics, lile lililomleta Superman duniani, lilitoka mwaka 1938 kwa senti 10 za Marekani. Aprili 2024, nakala moja ya toleo hilo ilipigwa mnada kwa dola milioni 6. Haya, guneni. Mkishaguna tuendelee.

Mimi swali langu ni jingine. Toleo lile lilichapwa nakala zipatazo 200,000. Zinazojulikana kuwapo leo zinakadiriwa kuwa 100 hivi. Zile nyingine zimekwenda wapi? Nani kazichukua? Hazikuibwa. Hazikuzama na meli. Zilitupwa na watu wema, wenye akili zao timamu, waliokuwa wakisafisha nyumba. Zilifungiwa vitu, zilitumika kuwashia moto, na wakati wa Vita Kuu ya Pili watoto walizibeba kwa mafungu kuzipeleka kwenye vituo vya kukusanya karatasi kuukuu za kusaidia vita. Na waliozipeleka walipongezwa.

Kwa hiyo ninachotaka kusema leo ni kimoja, na nitakirudia mpaka mnichoke: kilichodharauliwa ndicho adimu. Vitu hivi vina thamani kwa sababu hakuna aliyedhani vina thamani. Angekuwapo aliyedhani, vingekuwa vimejaa tele, na sisi tungekuwa nyumbani tukifanya mambo mengine.

Tuanze na karatasi, maana dharau ilianzia humo. Mwaka 1896 mchapishaji mmoja wa New York, Frank Munsey, aliligeuza jarida lake la Argosy likawa la hadithi tupu, likachapwa kwenye karatasi rahisi kuliko zote alizoweza kupata, karatasi ya rojo la mti. Hoja yake ilikuwa kwamba msomaji ananunua hadithi, hanunui karatasi. Na alikuwa sahihi! Wenzake wakamfuata. Mwaka 1923, huko Chicago, likazaliwa Weird Tales, jarida la mambo ya ajabu na ya kutisha. Mwaka 1926 likaja Amazing Stories la hadithi za sayansi. Miaka ya thelathini vibanda vya magazeti vilikuwa vimefunikwa na majalada yenye rangi kali: majoka, mizimu, wapelelezi wenye bastola, wanawake wanaopiga mayowe.

Sasa, ndugu zangu, mti una kitu kinaitwa lignini. Karatasi nzuri hutolewa lignini hiyo. Karatasi ya rojo haikutolewa, ikaongezewa na dawa za kiwandani zenye tindikali. Ikipata mwanga, joto na hewa, inageuka rangi: njano, kisha kahawia, kisha inavunjika ukiigusa. Adui wa jarida lako hatoki nje. Amezaliwa nalo. Mwenye kukwambia kwamba atalifanya lidumu milele anakudanganya. Tunachofanya sisi ni kumchelewesha adui tu.

Namna ya kumchelewesha nitaisema hapa hapa, kwa sababu kila mkutano naulizwa. Gizani, pakavu, pa baridi kiasi, unyevu wa hewa usizidi asilimia 50. Joto linalopanda na kushuka kila siku ni baya kuliko joto la wastani lisilobadilika. Mfuko wa plastiki uwe wa poliesta kama uwezo upo. Wa polipropilini unafaa, ila ubadilishe kila baada ya miaka michache. Ile plastiki laini yenye kunuka, ya PVC, ikimbieni. Kadi ya nyuma iwe isiyo na tindikali, siyo boksi ulilolikata jikoni. Katuni zisimame wima zikiwa zimebanana kiasi, zisijikunje. Palpu zilazwe, kwa sababu jalada lake limezidi kurasa kwa upana, na kingo zile zinazoning'inia ndizo zinazomeguka kwanza. Na gundi ya utepe! Kila nikiona jalada la mwaka 1935 limebandikwa utepe wa gundi natamani kulia. Ukurasa uliochanika uacheni umechanika.

Lakini kuna mkasa mmoja unaonionyesha dharau ile ilikuwa na kina gani. Howard Phillips Lovecraft, ambaye leo wapenzi wa hadithi za kutisha wanamtaja kama mwalimu wao, aliuza nyingi kati ya hadithi zake kwa Weird Tales. Alikufa mwaka 1937, maskini, na kazi zake karibu zote zikiwa zimebaki kwenye majarida yale yale ya kuvunjika. Waandishi wawili waliokuwa wakiandikiana naye barua, August Derleth na Donald Wandrei, walitaka zikusanywe kitabuni. Walipokosa mchapishaji wa kuzikubali, mwaka 1939 wakaanzisha shirika lao wenyewe, Arkham House, ili wazichape. Jiulizeni: ingekuwaje kama wawili hawa wasingekuwa wametunza magazeti ambayo kila mtu alikuwa akiyafungia viatu?

Na jalada nalo. Miaka ya thelathini majalada mengi ya Weird Tales, yenye wanawake nusu uchi mikononi mwa wachawi, yalichorwa na mtu aliyetia sahihi M. Brundage. Wasomaji wakaandika barua, wengine wakisifu, wengine wakikasirika, na wengi wakiamini kwamba ni mwanamume. Ni Margaret. Mama wa nyumbani wa Chicago, akichora kwa chaki za rangi, chaki ambazo ukizipitishia kiganja zinafutika. Michoro yake ya asili iliyosalia ni michache mno. Inanifurahisha kila nikikumbuka wale mabwana waliokasirika.

Sasa tuje kwenye moto. Kutupwa ni jambo moja. Kuchomwa ni jingine. Mwaka 1948, mjini Binghamton, jimbo la New York, wanafunzi walipita nyumba kwa nyumba wakikusanya katuni, wakazirundika katika uwanja wa shule, wakazitia kiberiti huku wakubwa wakitazama. Mwaka huo huo, Spencer, West Virginia, ikawa hivyo hivyo. Nawaomba mfikirie tarehe. Ilikuwa miaka mitatu tu tangu kumalizika kwa vita dhidi ya watu waliojulikana dunia nzima kwa kuchoma vitabu! Hakuna aliyeiona aibu hiyo? Walioiona walikuwapo, lakini sauti zao zilikuwa ndogo.

Kisha akaja daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham. Mwaka 1954 alitoa kitabu kilichosema kwamba katuni zinawageuza watoto kuwa wahalifu. Aliaminiwa. Alikuwa daktari, alikuwa amewatibu watoto maskini wa Harlem, alikuwa na mifano. Zaidi ya nusu karne baadaye, karatasi zake za kazi zilipofunguliwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, mtafiti Carol Tilley wa Chuo Kikuu cha Illinois alizipitia moja moja akalinganisha na kitabu. Akakuta maneno ya watoto yamebadilishwa, umri umebadilishwa, watoto wawili wamefanywa mmoja. Utafiti wake ulichapishwa mwaka 2012. Mashirika ya katuni yaliyokuwa yamefungwa kwa sababu ya kitabu kile yalikuwa yamekufa zamani.

Tarehe 21 Aprili 1954, mbele ya kamati ya Seneti iliyokaa New York, alifika William Gaines, mwenye kampuni ya EC iliyotoa katuni za kutisha zilizopendwa kuliko zote. Gaines alijitolea mwenyewe kwenda. Seneta Estes Kefauver akainua toleo moja: mwanamume ana shoka mkono mmoja, mkono mwingine ameshika kichwa cha mwanamke kwa nywele. Akamuuliza, je, hili lina staha? Gaines akajibu ndiyo, kwa jalada la katuni ya kutisha lina staha. Lisingekuwa na staha kama kichwa kingeinuliwa zaidi, damu ikaonekana inatiririka shingoni.

Mnacheka. Ukumbini siku ile hawakucheka. Kesho yake jibu hilo lilikuwa ukurasa wa kwanza wa New York Times. Nimelifikiria sana jibu lile, na bado naona lilikuwa jibu la kweli kutoka kwa mtu anayeijua kazi yake, likitolewa mahali ambapo ukweli wa kazi haukuwa ukitafutwa. Oktoba mwaka huo wachapishaji wenyewe, kwa hofu, wakajiwekea kanuni: neno kutisha lisiwe kwenye jina la katuni, vampaya marufuku, wafu watembeao marufuku. Katuni isiyo na muhuri wa kanuni ilikuwa vigumu kufika kibandani. Na wimbi halikuishia Marekani. Mwaka huo huo wa 1954, Glasgow, mamia ya watoto walivamia makaburi usiku kumwinda vampaya mwenye meno ya chuma. Lawama zikaangushiwa katuni za Marekani, na mwaka 1955 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuzizuia.

Hapo niingize jambo ambalo wakusanyaji wengine hawapendi kulizungumza. Tunapoyasifu majarida haya tusijifanye vipofu. Ukifungua palpu za miaka ya ishirini na thelathini utamkuta Mwafrika amechorwa kama mnyama au kama mpumbavu, na Mchina kama nyoka. Yamo, kwa wingi, na yanauzwa ghali. Mimi nayatunza. Sitaki mtu aje kesho akane kwamba yalikuwapo. Lakini nendeni pia mkatafute upande wa pili wa rafu.

Mwaka 1947, Philadelphia, mwandishi wa habari Mmarekani mweusi, Orrin C. Evans, alitoa All-Negro Comics, katuni iliyoandikwa na kuchorwa na watu weusi, na mashujaa wake weusi: mpelelezi Ace Harlem, na Lion Man, mwanasayansi aliyetumwa Afrika. Bei ilikuwa senti 15. Toleo la pili lilikuwa limeshaandaliwa. Halikutoka. Waliokuwa wakimuuzia karatasi walikataa kumuuzia tena. Toleo moja, basi. Mnaona sasa kwa nini nasema uadimu una historia? Hapa hata kuchoma hawakuhitaji kuchoma, walinyima karatasi.

Na Gaines yule yule, mwaka 1956, alitaka kuchapa upya hadithi fupi ambayo EC iliitoa mwaka 1953: mkaguzi anatoka duniani kwenda kwenye sayari ya roboti, anawakuta roboti wa rangi moja wakiwanyanyasa wa rangi nyingine, anawakatalia kujiunga na jamii ya sayari. Katika picha ya mwisho anavua kofia ya chombo, ni mtu mweusi, jasho linang'aa usoni. Msimamizi wa kanuni akasema mtu yule asiwe mweusi. Wakamwambia ngozi yake ndiyo hadithi yenyewe. Akang'ang'ania, Gaines akatishia kuyatangaza hadharani, na hadithi ikatoka kama ilivyo. Ilikuwa katika katuni ya mwisho kutolewa na EC. Kikabaki Mad, chapisho lake la vichekesho, ambacho kilikuwa kimeshageuzwa kutoka katuni kuwa jarida.

Kumbe jarida halikubanwa na kanuni! Ndipo mchapishaji mwingine, James Warren, alipopenya. Mwaka 1958 alikuwa ametoa Famous Monsters of Filmland, jarida la sinema za kutisha, akimwachia uhariri Forrest J Ackerman. Mwaka 1964 akatoa Creepy, hadithi za kutisha za picha nyeusi na nyeupe, kwa ukubwa wa jarida. Vampaya wakarudi kupitia mlango wa nyuma.

Hapo ndipo kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote, na ni onyo pia. Mwaka 1965 Warren alipata habari kwamba mshindani anataka kutumia jina Eerie, jina alilokuwa amelichagua yeye kwa jarida lake jipya. Usiku mmoja mhariri wake Archie Goodwin na mwandika herufi Gaspar Saladino wakaunganisha kurasa zilizokuwapo, zikachapwa nakala 200 hivi, ndogo, za ovyoovyo, ili asubuhi Warren aonyeshe kwamba jina lina mwenyewe. Mshindani akasalimu amri. Leo nakala zile 200 zinatafutwa mno. Tatizo ni kwamba kitu kilichotengenezwa ovyo ni rahisi kughushi, na zilighushiwa. Kwa hiyo mtu akikuletea toleo la kwanza la Eerie huku anatabasamu, na wewe tabasamu, kisha mwombe historia yake: alilipata kwa nani, lini, na huyo naye alilipata wapi. Asipokuwa na majibu, mrudishie.

Kuhusu kampuni za kutoa daraja nitasema kidogo. Tangu mwaka 2000 iko CGC inayokagua katuni, kuipa alama hadi 10, na kuifungia ndani ya plastiki ngumu. Inasaidia, hasa kwa mnunuzi aliye mbali: lebo ya bluu ni ya kawaida, ya zambarau inakwambia katuni imekarabatiwa, pengine imetiwa rangi au kukatwa kingo. Lakini plastiki nayo inafunguliwa, na yametokea matukio ya watu kubadilisha kilichomo. Na mimi, nisameheni, nikiona palpu yenye hadithi tisa imefungiwa isisomwe, nahisi kama nimealikwa chakula nikaonyeshwa sufuria tu.

Kama ni kusoma pekee, habari njema: palpu nyingi hazina tena hakimiliki. Sheria ya Marekani ya wakati ule ilitaka hakimiliki ihuishwe mwaka wa 28, na wachapishaji wengi hawakujisumbua, au walikuwa wameshafilisika. Wapo watu wa kujitolea wanaozipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kuziweka kwenye intaneti bure. Someni hizo, karatasi zenu zipumzike.

Nije kwenye pesa, kwa sababu naona yule kijana pale nyuma ana daftari. Miaka ya tisini walanguzi waliingia kwenye biashara hii. Hesabu yao ilikuwa fupi: katuni za zamani ni ghali, basi katuni za leo zitakuwa ghali kesho. Mwaka 1991 toleo la kwanza la X-Men mpya liliuzwa nakala zaidi ya milioni 8, kwa majalada matano tofauti, na watu walinunua yote matano. Mwaka 1992 Superman aliuawa katika toleo lililouzwa ndani ya mfuko mweusi wenye kitambaa cha msiba, watu wakapanga foleni, wakanunua kumi kumi, hawakuufungua mfuko. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na zile zilitembezwa kweli kweli. Walisahau nini? Kilichodharauliwa ndicho adimu! Kitu ambacho watu milioni wamekihifadhi kwa uangalifu hakiwezi kuwa adimu. Maduka yakafungwa kwa maelfu, na Desemba 1996 Marvel yenyewe, wenye X-Men, ikaomba ulinzi wa sheria ya kufilisika. Mifuko ile myeusi bado ipo tele mpaka leo, mipya, haijafunguliwa.

Mlinganisheni mlanguzi huyo na Edgar Church. Alikuwa mchoraji wa matangazo huko Colorado. Tangu miaka ya thelathini mwishoni hadi miaka ya hamsini alinunua katuni karibu kila zilipotoka, pamoja na magazeti ya kila namna, kwa sababu alitaka picha za kuigia katika kazi yake. Akishamaliza aliziweka kwenye rundo, moja juu ya nyingine, ndani ya chumba chenye giza, katika hewa kavu ya nyanda za juu. Hakuwa na poliesta. Hakuwa na kadi zisizo na tindikali. Uzito wa rundo ulizibana hewa isipite, na rundo likakaa hivyo kwa miaka. Mwaka 1977 familia yake ilipokuwa ikihamisha vitu ilimwita mwuza katuni kijana, Chuck Rozanski, mwenye duka la Mile High. Alikuta katuni kati ya 18,000 na 22,000, kurasa nyeupe, rangi kama zimetoka mtamboni asubuhi ile. Hadi leo, mkusanyaji akitaja nakala ya Mile High, anataja rundo la Church, na bei yake iko peke yake.

Church alizinunua azitumie. Akazitumia.

Nimeambiwa dakika zangu zimekwisha, na Mwenyekiti ananikazia macho. Kwenye meza ya kushoto nimeweka matoleo kadhaa ya Creepy na palpu tatu zisizo na majalada, ambazo hakuna mnada utakaozikubali. Zifungueni, zisomeni, ulizeni lolote. Ila mkono mmoja ushike mgongo wa jarida unapofungua, na msilambe kidole kugeuza ukurasa. Kijana mwenye daftari, anza wewe na swali.